Kutibu Apnea ya Usingizi kwa Kifaa cha Kusogeza Taya: Mwongozo kwa Mgonjwa

Mwongozo huu ni wa mtu mzima ambaye ameshaambiwa, au anashuku, kwamba njia yake ya hewa huziba anapolala, ugonjwa uitwao apnea ya usingizi, na ambaye angependa kujua kama kifaa kidogo kinachovaliwa mdomoni kinaweza kumtibu. Kwa wagonjwa wengi kinaweza, ila kwa sharti ambalo nitalisisitiza kuliko jingine lolote: kifaa hakihesabiwi kuwa kimetibu mpaka usingizi upimwe tena kikiwa mdomoni. Mkoromo unaweza kunyamaza kabisa ilhali pumzi inaendelea kukatika, na mke au mume anayefurahia utulivu wa usiku hana namna ya kuona oksijeni ikishuka katika damu ya mwenziwe.

Mtu anapolala, misuli inayoshikilia ulimi, kaakaa laini na kuta za koo hulegea. Kwa mwenye koo jembamba, au mwenye taya la chini lililorudi nyuma, au mwenye mafuta mengi shingoni, ulegevu huo hutosha kuifunga njia ya hewa, nusu au yote. Kifua huhangaika kuvuta hewa isiyopita, oksijeni hupungua, ubongo hushtuka, mgonjwa hugutuka kwa sekunde chache bila hata kukumbuka, kisha hulala tena na mambo huanza upya. Kila mkatiko wa sekunde 10 au zaidi huhesabiwa pamoja na vipindi ambavyo pumzi hupungua sana bila kukatika, na jumla yake kwa kila saa ya usingizi ndiyo inayoonyesha uzito wa ugonjwa. Chini ya 5 ni hali ya kawaida kwa mtu mzima. Kuanzia 5 hadi chini ya 15 ugonjwa ni hafifu. Kuanzia 15 hadi chini ya 30 ni wa wastani. 30 na kuendelea ni mkali.

Kifaa cha kusogeza taya huwa na vipande viwili vya plastiki ngumu, kimoja kinachobana meno ya juu na kingine meno ya chini, vilivyounganishwa kwa namna inayolifanya taya la chini likae mbele kidogo ya mahali lilipozoea. Msuli mkubwa wa ulimi umejishikiza upande wa ndani wa mfupa wa kidevu, kwa hiyo taya likienda mbele, ulimi nao hufuata. Si ulimi peke yake unaonufaika: picha za koo zimeonyesha kwamba kuta za pembeni, hasa nyuma ya kaakaa laini, hukazwa na njia ya hewa hupanuka kwa ubavuni.

Kifaa au mashine?

Tiba yenye nguvu kuliko zote bado ni mashine ya CPAP, inayosukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisizibe. Ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1981 na Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, na tangu hapo imeokoa maisha ya watu wengi. Shida yake ni kwamba watu wengi huivua usiku wa manane au huiacha kabisa, kwa sababu barakoa inabana, pua inakauka, au kelele zinasumbua. Kifaa cha mdomoni hupunguza mikatiko kwa kiasi kidogo kuliko mashine, lakini huvaliwa kwa saa nyingi zaidi. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2013, uliowapa wagonjwa walewale tiba zote mbili kwa zamu, mwezi mmoja kila moja, uliona kwamba mashine ilizuia mikatiko vizuri zaidi, ila matokeo ya kiafya, yakiwamo shinikizo la damu na usingizi wa mchana, hayakuwa mabaya zaidi kwa waliovaa kifaa. Tiba dhaifu inayovaliwa usiku kucha inaweza kulingana na tiba kali inayovaliwa nusu usiku.

Mwaka 2015 jumuiya mbili za kitaalamu za Marekani, ya madaktari wa usingizi na ya madaktari wa meno wanaoshughulikia usingizi, zilitoa mwongozo wa pamoja unaopendekeza kifaa kwa mtu mzima asiyeiweza mashine au anayependelea tiba nyingine. Kwetu Afrika Mashariki naona sababu nyingine ambayo miongozo ya huko haina haja ya kuitaja, nayo ni umeme. Mgonjwa anayeishi mahali ambapo umeme hukatika usiku, au anayesafiri kikazi na kulala katika nyumba za wageni ambazo hazina umeme wa uhakika, huikosa tiba yake yote pale mashine inapozimika, wakati kifaa kinatoshea mfukoni na hakihitaji chochote. Hata hivyo sababu hiyo isimfanye mwenye ugonjwa mkali aiache mashine kwa uamuzi wake mwenyewe. Kadiri mikatiko inavyokuwa mingi na oksijeni inavyoshuka chini zaidi, ndivyo uwezekano wa kifaa peke yake kutosha unavyopungua, na hapo daktari ndiye wa kuamua.

Wanaofaidika zaidi, kwa kawaida, ni wale ambao ugonjwa wao ni hafifu au wa wastani, wasio na uzito mkubwa sana, na ambao mikatiko yao huzidi wakilala chali. Hata hivyo hakuna kigezo kinachotabiri kwa uhakika. Kwa makadirio yanayotumiwa sana na wataalamu, karibu theluthi moja ya wagonjwa hupona kabisa mikatiko wakiwa na kifaa, theluthi nyingine hupata nafuu isiyokamilika, na waliobaki hawapati nafuu ya maana. Makadirio hayo ndiyo yanayonifanya nisisitize kipimo cha pili.

Kabla ya kwenda kwa daktari wa meno

Anza kwa daktari wa tiba. Daktari wa meno anaweza kushuku ugonjwa anapoona ulimi mkubwa, koo lililobanwa au meno yaliyosagika, lakini utambuzi wenyewe ni kazi ya daktari aliyesomea magonjwa ya mapafu, masikio, pua na koo, mishipa ya fahamu, au usingizi wenyewe. Daktari huyo atakuuliza maswali yanayofanana popote duniani: je, unakoroma kwa nguvu, je, mchana unachoka au kusinzia, je, kuna mtu aliyeona pumzi yako ikikatika, je, una shinikizo la juu la damu, una umri unaozidi miaka 50, uzito wako ni mkubwa mno kwa urefu wako, shingo yako ni nene, wewe ni mwanamume? Mwenye majibu ya ndiyo matano au zaidi kati ya hayo manane yuko katika hatari kubwa ya kuwa na ugonjwa huu. Mwombe unayelala naye chumba kimoja akuangalie kwa usiku kadhaa na akurekodi kwa simu, kwa maana ukimya unaofuatiwa na mkoromo wa ghafla, kama mtu aliyeibuka majini, humwambia daktari mengi kuliko maelezo yako mwenyewe.

Jibu kwa ukweli swali la kusinzia. Dereva wa lori au basi anayetafuna mirungi ili asilale, au mlinzi anayekunywa kahawa usiku kucha, anaweza kusema hasinzii, kumbe usingizi wake umefunikwa tu. Daktari akijua hilo atapima uzito wa tatizo kwa namna nyingine, na mtu anayesinzia akiwa kwenye usukani hatakiwi kuendesha gari hadi atibiwe.

Baada ya hapo hufuata kipimo cha usingizi. Kipo cha hospitalini, ambapo mgonjwa hulala akiwa amefungwa vihisio vya ubongo, moyo, kifua, pua na oksijeni, na kipo kifupi cha kuchukua nyumbani, chenye vihisio vichache. Katika nchi zetu vipimo hivi hupatikana zaidi katika hospitali kubwa za mijini, kwa hiyo uliza mapema na upange safari pamoja na gharama. Kipimo cha nyumbani kinafaa kwa mgonjwa wa kawaida, ila hakipimi mawimbi ya ubongo na kinaweza kuonyesha mikatiko michache kuliko ilivyo. Majibu yakitoka mazuri huku dalili ni kali, omba kipimo kamili. Usikubali kutengenezewa kifaa kabla ya kipimo hiki. Ipo aina nyingine ya apnea, ambayo ubongo wenyewe husahau kutoa amri ya kupumua ijapokuwa koo liko wazi, na kusogeza taya hakuisaidii hata kidogo. Lakini pia, bila takwimu za kwanza, hutakuwa na cha kulinganisha baadaye.

Kinywa chako kinafaa?

Kifaa hushikilia meno, kwa hiyo meno yenyewe ni lazima yawe imara. Daktari wa meno ataangalia kama yapo ya kutosha juu na chini, hasa magego, kama fizi zina afya, kama kuna meno yanayolegea au yaliyooza, na kama viungo vya taya vilivyo mbele ya masikio vinauma au vinakwama. Atakuomba pia usukume taya la chini mbele kadiri uwezavyo, kwa sababu asiyeweza kulisogeza zaidi ya milimita chache hana nafasi ya kutibiwa kwa njia hii. Matundu, mizizi iliyobaki na magonjwa ya fizi yatibiwe kwanza, hata kama itachukua miezi. Kifaa kinachovaliwa kwenye fizi zinazotoka damu huharakisha kung'oka kwa meno ambayo kingeyategemea.

Wapo wasomaji watakaouliza kuhusu desturi ya baadhi ya jamii za wafugaji, Wamaasai wakiwamo, ya kung'oa meno mawili ya mbele ya chini utotoni. Pengo hilo peke yake si lazima likuzuie ikiwa meno mengine, na hasa magego, yamekamilika na ni imara, lakini mtajie daktari ili fundi alizingatie anapobuni mshiko. Asiye na meno kabisa hawezi kutumia kifaa cha kusogeza taya cha kawaida. Kwake kipo kifaa cha aina nyingine, chenye kikombe laini kinachounyonya ulimi na kuushika mbele, ingawa watu wengi huona vigumu kukizoea.

Pengine umeona vifaa vya bei nafuu vinavyolainishwa kwa maji ya moto na kung'atwa ili vichukue umbo la meno. Mimi sivipendekezi kuwa tiba ya kudumu: havishiki vizuri, husogeza taya kwa kukisia, na mtu hukata tamaa na tiba nzima kwa sababu ya kifaa kibovu. Kinachostahili fedha yako ni kifaa kilichotengenezwa kwa vipimo vya kinywa chako na kinachoweza kurekebishwa hatua kwa hatua.

Kabla hujalipa, muulize daktari wa meno mambo haya waziwazi. Je, kifaa kinarekebishika, na kwa hatua za ukubwa gani? Kinatengenezwa wapi, na kikivunjika kitachukua muda gani kurudi? Je, bei inajumuisha ziara za marekebisho? Je, atapiga picha za meno yangu na kuandika jinsi yanavyokutana kabla ya kuanza? Na je, atanirudisha kwa daktari wa usingizi nikapimwe tena? Asiyekuwa na jibu la swali la mwisho, tafuta mwingine.

Siku ya vipimo na usiku wa kwanza

Daktari atachukua umbo la meno yako, ama kwa kukung'atisha chombo chenye ute unaoganda, ama kwa skana ndogo inayopita mdomoni. Kisha atapima mwendo wote wa taya lako kwa rula maalumu, kuanzia linaporudi nyuma kabisa hadi linapofika mbele kabisa. Tuseme mwendo huo ni milimita 12: wataalamu wengi huanzia kati ya nusu na asilimia 70 ya mwendo, yaani milimita 6 hadi kama 8 kutoka nyuma. Kuanzia mbele zaidi kwa haraka ya kupona huleta maumivu, na mgonjwa mwenye maumivu huacha kuvaa. Vipimo hupelekwa maabara ya meno, na kifaa kikirudi, kivae mbele ya daktari, kifungue na kukifunga mwenyewe, na umwonyeshe kila mahali kinapobana ufizi au kuegemea jino moja kuliko mengine, kwa maana sehemu hizo husawazishwa kwa dakika chache.

Usiku wa kwanza piga mswaki, kivae nusu saa kabla ya kulala ili kinywa kikizoee, kisha lala ubavu. Mate yatakuwa mengi, au kinywa kitakauka. Yote mawili hupungua kwa wengi baada ya siku au wiki chache. Ukishindwa kukivaa usiku kucha, vaa kwa saa unazoweza na uongeze taratibu. Pua iliyoziba kwa mafua au mzio itibiwe, kwa sababu anayepumulia mdomo hukivumilia kifaa kwa shida.

Kurekebisha

Hapa ndipo tiba yenyewe ilipo, na ndipo wengi wanapoishia njiani. Kifaa ulichopewa siku ya kwanza ni mahali pa kuanzia tu. Kwa wiki na miezi inayofuata taya husogezwa mbele kwa hatua ndogo, za robo milimita hadi milimita moja, kwa kuzungusha skrubu au kubadilisha vipande, kulingana na aina ya kifaa. Baadhi ya madaktari humfundisha mgonjwa kufanya hivyo nyumbani. Wengine hufanya wenyewe kliniki. Ukiambiwa ufanye mwenyewe, andika katika daftari tarehe ya kila hatua, pande zote mbili zimezungushwa mara ngapi, jinsi ulivyoamka, kama kichwa kiliuma asubuhi, na mwenzio alisikia nini. Pande mbili zisipolingana taya huvutwa upande mmoja, na kiungo cha upande huo huanza kuuma.

Baada ya kila hatua ipe misuli siku kadhaa kabla ya kusogeza tena. Dalili zikipungua na taya likiwa halina maumivu, endelea. Taya likiuma kwa zaidi ya muda mfupi baada ya kuamka, rudi nyuma hatua moja au mbili, subiri, kisha jaribu tena. Kusogeza mbele zaidi hakumaanishi kupona zaidi bila kikomo. Kwa wengine nafuu husimama mahali fulani na kinachoongezeka baada ya hapo ni maumivu tu. Lengo ni kupata umbali mdogo kabisa unaoifungua njia ya hewa ipasavyo.

Mkoromo ukinyamaza na usingizi wa mchana ukiisha, wewe na daktari mtashawishika kusema kazi imekamilika. Haijakamilika. Rudi kwa daktari wa usingizi ukapimwe ukiwa umevaa kifaa katika nafasi hiyo, na uende na majibu ya kwanza. Ikiwa ulianza na mikatiko 24 kwa saa na sasa ni 4, umetibiwa. Ikiwa ni 14, umepata nafuu, lakini bado unaumwa, na kuna ya kufanya: kusogeza taya kidogo zaidi kama kuna nafasi, kulala ubavu, kupunguza uzito, kuacha pombe na dawa za usingizi wakati wa usiku, au kutumia kifaa pamoja na mashine, ambapo mara nyingi mashine huhitaji msukumo mdogo kuliko mwanzo. Ikiwa hakuna kilichobadilika, kubali na urudi kwenye mazungumzo kuhusu mashine au upasuaji, bila kuendelea kuvaa kifaa kwa matumaini tu.

Asubuhi, na miaka inayofuata

Ukivua kifaa asubuhi utahisi magego hayakutani vizuri. Hiyo ni hali ya kawaida kwa sababu misuli imekaa mbele usiku kucha. Daktari anaweza kukupa kipande kidogo cha kung'ata, kilichotengenezwa kwa mkao wako wa zamani, nacho utakibana polepole hadi meno ya nyuma yakutane. Fanya hivyo kila siku, hata siku unazoona huna haja. Magego yakikaa bila kukutana hadi mchana, kwa siku kadhaa mfululizo, nenda ukaonwe.

Kwa miaka mingi meno yenyewe husogea. Ya mbele ya juu huelekea ndani kidogo, ya chini huelekea nje, na mkao wa kung'ata hubadilika. Badiliko hili huendelea kadiri kifaa kinavyotumika na wengi hawalitambui wenyewe. Ni sawa kwa mgonjwa kuamua kwamba pumzi ni muhimu kuliko nafasi ya meno, ila uamuzi huo ni wake na anapaswa kuambiwa kabla, si baadaye. Ndiyo maana picha na kumbukumbu za mwanzo zinahitajika, pamoja na ziara kila miezi 6 katika mwaka wa kwanza na angalau mara moja kwa mwaka baada ya hapo. Ukiongezeka uzito sana, au mkoromo ukirudi, pimwa upya bila kusubiri ziara ya mwaka.

Kukitunza si kazi kubwa. Kisugue kila asubuhi kwa mswaki laini na maji baridi yenye sabuni kidogo isiyo kali, kisuuze, kikaushe na kukiweka katika kisanduku chenye matundu, mbali na jua na mbwa, ambao hupenda kukitafuna. Maji ya moto hukipinda, na dawa ya meno hukikwaruza na kuwapa vijidudu pa kukaa.

Watoto hawahusiki na mwongozo huu. Wao mara nyingi huzibwa na mafindofindo na nyama za nyuma ya pua, na taya linalokua linahitaji mtaalamu wake. Ukipangiwa upasuaji wa aina yoyote, mwambie daktari wa nusukaputi kwamba una apnea na uende na kifaa chako hospitali, kwa kuwa dawa za usingizi na za maumivu hulegeza koo zaidi ya usingizi wa kawaida. Na daktari yeyote wa meno atakayetaka kuziba, kuvika au kung'oa jino lako, mwonyeshe kifaa kabla hajaanza, kwani umbo la jino moja likibadilika kifaa kinaweza kukataa kuingia usiku huohuo.